Mwongozo wa kusoma CRP, feritini na albumini kwa kuanzia kwenye ini

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na vijana wa maabara walioko kwenye zahanati na vituo vya afya vya ukanda wa Ziwa: Igombe, Magu, Sengerema, Nansio, na kambi za dagaa visiwani. Ni watu ambao karatasi ya majibu huwafikia saa kumi jioni, mgonjwa amekaa kwenye benchi, na daktari bingwa yuko mbali, hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Mtu wa namna hiyo anahitaji kujua namba aliyoishika imetoka wapi.

Mwili unapopambana na maambukizi au jeraha huingia kwenye mchochota, yaani ile hali ya joto, uvimbe na maumivu. Namba nyingi za damu hubadilika wakati huo, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huamuliwa ndani ya kiini cha seli ya ini. Humo kuna protini chache ambazo kazi yake ni kushika DNA na kuwasha jeni fulani huku nyingine zikipunguzwa. Nitaziita vidhibiti vya jeni. Ukivijua vidhibiti hivi na kasi yake, CRP (protini ambayo ini huitoa kwa wingi kwenye mchochota) ya 6 haitakufanya umrudishe mtoto nyumbani, wala feritini (protini inayohifadhi chuma) ya 48 haitakufanya umnyime mama vidonge vya madini ya chuma.

Hatua ya 1: Andika saa, kabla ya kitu kingine

Juu ya karatasi ya majibu andika saa ugonjwa ulipoanza na saa damu ilipotolewa. Bila hizo mbili, CRP haisomeki.

Chukua mfano huu wa kufundishia. Mtoto wa miaka 3 kutoka Igombe ameanza kuchemka saa tisa usiku. Saa mbili asubuhi ametolewa damu, CRP ni miligramu 6 kwa lita. Anayesoma haraka atasema hakuna tatizo. Lakini zimepita saa tano tu. Ini linapopata taarifa ya maambukizi, huchukua takribani saa sita mpaka CRP ianze kuonekana ikipanda katika damu. Baada ya hapo inaweza kuongezeka mara mbili kila saa nane hivi, na hufika kileleni kati ya saa 36 na 50. Kwa mtoto huyu, 6 ni namba ya jana, ya mwili uliokuwa bado mzima. Mtazame mtoto mwenyewe: anapumua vipi, ananyonya au anakula, shingo imekakamaa au la. Kisha panga kipimo cha pili jioni au kesho yake asubuhi.

Kwa upande wa kushuka, CRP iliyomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi, na kasi hiyo haibadiliki, mtu awe mzima au mgonjwa. Hili ndilo linaloifanya CRP iwe kipimo kizuri. Kwa kuwa mwendo wake wa kuondoka ni uleule siku zote, kinachopandisha au kushusha namba ni kiasi ambacho ini linatengeneza. Kwa maneno mengine, unapopima CRP unapima jinsi jeni moja ilivyowashwa kwa nguvu ndani ya seli za ini katika siku moja au mbili zilizopita.

Hatua ya 2: Soma kizio

Mashine nyingine hutoa CRP kwa miligramu kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Ya pili izidishe kwa 10. CRP ya 9.6 kwa desilita ni 96 kwa lita, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mtu wa kwenda nyumbani na mtu wa kulazwa. Albumini, protini kuu ya damu inayotengenezwa na ini, nayo ni hivyohivyo: 3.1 kwa gramu za desilita ni 31 kwa lita. Feritini haina shida, kwa sababu nanogramu kwa mililita na maikrogramu kwa lita ni namba ileile.

Kwa watu wazima wengi wenye afya njema, CRP huwa chini ya 5, na maabara nyingi huweka mpaka wa 10.

Hatua ya 3: Chora njia kutoka kwenye jeraha hadi kwenye jeni

Hatua hii ndiyo ndefu, na naomba usiiruke. Chukua karatasi na kalamu. Nimewahi kuona wanafunzi wanaokariri kwamba "CRP hupanda kwenye maambukizi" wakikwama mara tu mgonjwa anapoenda kinyume na sentensi hiyo. Aliyechora njia hakwami, kwa sababu anajua ni mahali gani panaweza kukatika.

Upande wa kushoto chora bakteria au kimelea cha malaria. Pembeni yake chora seli za ulinzi, zile zinazomeza wavamizi. Nyingine zinaishi ndani ya ini lenyewe na zinaitwa seli za Kupffer. Zikimgusa mvamizi hutoa ujumbe wa kemikali uitwao saitokini. Andika tatu: interlukini-6, interlukini-1 na TNF. Zinasafiri kwa damu mpaka kwenye seli ya ini.

Sasa chora seli ya ini kubwa, yenye kiini katikati, na milango miwili juu.

Mlango wa kwanza ni wa interlukini-6. Inashika kipokezi chake, kipokezi kinaungana na mwenzake aitwaye gp130, na upande wa ndani vimeng'enya vya JAK vinaamka. Vimeng'enya hivyo vinabandika fosfeti kwenye protini iliyokuwa ikielea tu ndani ya seli: STAT3. Ikishapata fosfeti, STAT3 hujifunga na STAT3 nyingine, zikawa pacha, zikaingia kwenye kiini na kushika DNA mbele ya jeni zinazopaswa kuwashwa. Yote haya huanza ndani ya dakika chache. Ukikuta maandiko ya zamani yanataja APRF, ni protini hiihii. Watafiti waliifuatilia kwenye ini kama kidhibiti cha mwitikio wa mchochota kabla jeni yake haijapatikana mwaka 1994.

Mlango wa pili ni wa interlukini-1 na TNF. Hapa kidhibiti kinachosubiri ni NF-κB, iliyoripotiwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Haikugunduliwa kwenye ini. Waliipata kwenye seli za kinga, na baadaye ikaonekana ipo karibu kila mahali mwilini. Wakati wa amani inafungwa nje ya kiini na protini iitwayo IκB. Ujumbe ukifika, IκB inavunjwavunjwa na NF-κB inaachiwa kuingia ndani.

Kidhibiti cha tatu ndicho nakipenda kukifundisha kuliko vingine, kwa sababu kinaonyesha ini linavyobadilisha kazi bila kujenga kitu kipya. Kinaitwa C/EBPβ. Shizuo Akira, Tadamitsu Kishimoto na wenzao wa Japani walikieleza mwaka 1990 kwa jina la NF-IL6, kwa hiyo majina hayo mawili yasikuchanganye. Ndugu yake ni C/EBPα. Ini likiwa salama, C/EBPα ndiyo nyingi na inasaidia jeni za kila siku, ikiwemo ya albumini. Mchochota ukianza, C/EBPα hupungua, na C/EBPβ na nyingine iitwayo C/EBPδ huongezeka. Zote hutambua maandishi yanayofanana kwenye DNA. Ni kama daladala ya Igoma inayobadilisha dereva katikati ya siku: gari ni lilelile, kiti ni kilekile, lakini aliyeshika usukani sasa anapita njia nyingine.

C/EBPβ yenyewe ina sura mbili. Kutokana na mRNA moja, yaani nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, seli inaweza kutengeneza protini ndefu iitwayo LAP, ambayo huwasha jeni, au fupi iitwayo LIP, inayoshika DNA palepale lakini haina sehemu ya kuwashia, hivyo huzuia. Uwiano wa ndefu na fupi ni namna moja ya ini kuongeza au kupunguza sauti.

Mwisho, ndani ya kiini chora protini mbili ambazo zipo hata kwenye ini lililotulia: HNF-1α na HNF-4α. Hizi ndizo zinazoifanya seli ya ini iwe seli ya ini. Sehemu ya DNA iliyo mbele ya jeni ya CRP ina nafasi za STAT3, za C/EBPβ na za HNF-1, na protini za familia ya NF-κB husaidia. Ndiyo maana interlukini-6 ikiwa peke yake huamsha CRP, lakini ikija pamoja na interlukini-1 huamsha zaidi sana. Ndiyo maana pia CRP ya kwenye damu hutoka hasa kwenye ini na si kwenye misuli au ngozi. Kwa upande mwingine, nguvu ya HNF-4α hupungua wakati wa mchochota, na jeni nyingi za kazi za kawaida za ini hulegea pamoja nayo.

Ongeza breki kwenye mchoro wako. STAT3 ikishawasha jeni, mojawapo ya jeni hizo ni ya SOCS3, protini inayorudi juu na kuzima JAK. Kwa hiyo ini halihitaji kuamriwa kunyamaza kila mara. Ujumbe wa nje ukikoma, breki hii hulituliza.

Tahadhari kwa wanaosoma vitabu: tafiti nyingi za njia hizi zilifanywa kwa panya, na protini kubwa za panya si zetu. Panya mdogo wa maabara hapandishi CRP kwa kiasi cha maana, wakati binadamu anaweza kuipandisha hadi mara elfu moja.

Hatua ya 4: Panga majibu kwenye safu mbili

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka zinazopanda kwenye mchochota: CRP, amiloidi A ya damu, fibrinojeni, haptoglobini, hepsidini, feritini, komplimenti C3. Kulia weka zinazoshuka: albumini, transferini, na protini inayobeba vitamini A.

Sasa angalia karatasi ya mgonjwa. Ikiwa za kushoto ziko juu na za kulia ziko chini kwa pamoja, unaona mwitikio mmoja, na usiandike magonjwa manne kwa sababu ya namba nne.

ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutuama kwenye mrija, wengi wetu tunayo hata pasipo CRP. Inasukumwa hasa na fibrinojeni, ambayo jeni zake pia zinawashwa na STAT3, lakini hukaa kwenye damu siku kadhaa. Kwa hiyo ESR huchelewa kupanda na huchelewa zaidi kushuka. Upungufu wa damu peke yake pia huipandisha, na huku kwetu upungufu wa damu ni jambo la kila siku. CRP ikishuka wakati ESR bado iko juu, mara nyingi mgonjwa anapona na ESR haijafika.

Kuhusu albumini, watu hukosea kwa kudhani kila albumini ndogo ni njaa. Kukaa kwake kwenye damu ni kurefu, hupungua nusu kwa siku 20 hivi. Jeni yake ikipunguzwa leo, pengo halitaonekana kesho. Ikishuka kwa siku moja au mbili kwa mgonjwa wa homa kali, sababu kubwa ni kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na maji ya dripu tuliyomwekea. Ikiwa chini kwa wiki nyingi, hapo ndipo uzalishaji mdogo wa ini, chakula, figo na utumbo huingia kwenye hesabu. Mzazi akiambiwa mtoto wake ana lishe duni kwa sababu ya albumini ya siku ya pili ya nimonia, amebebeshwa aibu asiyostahili. Pima mkono, uzito na urefu. Hivyo ndivyo vinavyosema habari za lishe.

Haptoglobini inahitaji uangalifu wake. Mchochota huipandisha, lakini chembe nyekundu zikipasuka, haptoglobini hutumika kushika hemoglobini iliyomwagika na huisha haraka. Malaria na selimundu hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na kwao haptoglobini huwa chini hata siku wanazocheza vizuri, na CRP inaweza kuwa juu kidogo bila homa. Kama kituo chako kina mgonjwa wa selimundu anayekuja kliniki, andika namba zake za siku nzuri kwenye daftari lake. Siku akija na homa utalinganisha na zake mwenyewe.

Hatua ya 5: Usiisome feritini bila CRP

Kosa la feritini ni la kimya, na wanaoumia ni wanawake na watoto.

Feritini ni ghala la madini ya chuma. Ikiwa chini, chuma kimeisha, na hilo halina ubishi. Ikiwa ya kawaida au juu, inategemea. Mchochota huipandisha hata kama ghala ni tupu, na si ini peke yake linaloitoa.

Wakati huohuo, STAT3 inawasha jeni ya hepsidini ndani ya seli za ini. Hepsidini ni homoni ndogo inayofunga mlango wa chuma, uitwao feropotini, kwenye utumbo na kwenye seli zinazohifadhi chuma. Ndani ya saa chache chuma cha kwenye damu hushuka. Mwili unakificha kwa sababu bakteria na vimelea vingi vinakihitaji ili vizaliane. Ni ulinzi, lakini ukidumu mwezi mzima, uboho wa mifupa unakosa chuma cha kutengenezea damu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mipaka ya kutumia. Kwa mtoto chini ya miaka 5 asiye na maambukizi, upungufu ni feritini chini ya maikrogramu 12 kwa lita. Kwa wakubwa ni chini ya 15. Mchochota ukiwepo, mipaka hupandishwa: chini ya 30 kwa mtoto wa chini ya miaka 5, chini ya 70 kwa wakubwa. CRP zaidi ya 5 inatosha kukuonyesha kwamba mchochota upo. Kikomo hiki cha 70 usikipeleke kwa mjamzito. Yeye mfuate kwa utaratibu wa kliniki ya wajawazito, ambako vidonge vya chuma na foliki asidi hutolewa bila kusubiri feritini.

Mfano wa kufundishia: mama wa miaka 28 asiye mjamzito, mchuuzi wa samaki Kirumba Mwaloni. Anachoka akipanda kilima, wekundu wa damu (hemoglobini) ni gramu 9.4 kwa desilita, feritini 48, CRP 35. Karatasi ya maabara imeandika feritini "kawaida". Kwa mpaka wa 15, ni kawaida kweli. Kwa mpaka wa 70, unaotakiwa hapa kwa sababu ya CRP ya 35, ana upungufu wa chuma na pia ana kitu kinachochochea ini lake. Kazi zako ni mbili: tafuta chanzo cha mchochota, kisha mrudishie chuma.

Mpangilio huo una sababu. Hepsidini ikiwa juu, kidonge cha chuma kinachomezwa hupita tu na kutoka. Mtoto mwenye malaria kali leo atibiwe malaria kwanza, homa ikishatulia ndipo chuma kitafyonzwa vizuri. Na kwenye eneo lenye malaria kama letu, chuma kiende sambamba na chandarua na matibabu ya malaria.

Aliyeongezewa damu mara nyingi, kama baadhi ya wenye selimundu, feritini yake inaweza kuwa juu kwa sababu chuma kimezidi kweli. Uliza historia ya kuongezewa damu kabla ya kuandika chochote.

Vitamini A nayo husomeka vibaya kwa sababu hiyohiyo. Protini inayoibeba hushuka kwenye mchochota, na mtoto anaonekana kana kwamba hana vitamini A wakati iko ghalani kwenye ini.

Hatua ya 6: Jiulize kama ini lina uwezo wa kujibu

Kila kitu hapo juu kinadhani kwamba seli za ini zipo na zinafanya kazi. Mwanza huwezi kudhani hivyo bila kuuliza.

Kichocho cha tumbo, kinachotokana na Schistosoma mansoni, kimeenea kwenye ufukwe wa Ziwa. Wanaovua, wanaochota maji, wanaofua na watoto wanaoogelea wote wanaguswa. Mayai ya minyoo hunasa kwenye matawi madogo ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini, makovu hujengeka kandokando ya mishipa hiyo, shinikizo la damu hupanda kwenye mshipa huo wa ini, bandama huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Lakini seli zenyewe za ini mara nyingi hubaki hai kwa muda mrefu. Kwa hiyo mvuvi mwenye bandama kubwa na chembe sahani chache bado anaweza kupandisha CRP vizuri akipata nimonia. Usimwambie kwamba CRP yake haiaminiki kwa sababu tu ana kichocho.

Hali ni nyingine kwa aliyesinyaa ini kwa hepataitisi B au kwa pombe ya miaka mingi. Seli zilizobaki ni chache, na CRP inaweza kupanda kidogo tu hata damu ikiwa imejaa bakteria. Kwake CRP ya 30 inaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko 100 ya kijana mwenye ini zima. Angalia macho ya njano, maji tumboni, na muda wa damu kuganda kama kituo kina uwezo wa kuupima.

Kuna pia wanaotumia dawa zinazokata njia uliyoichora. Deksamethasoni na prednisoloni hutuliza seli zinazotoa interlukini-6, hivyo CRP hushuka hata ambapo chanzo hakijatibiwa. Uliza kwa upole, na uliza pia alichopewa dukani. Mgonjwa wa baridi yabisi aliyewekewa tosilizumabu kwenye hospitali kubwa amefungiwa kipokezi cha interlukini-6 moja kwa moja. CRP yake inaweza kuwa karibu na sifuri akiwa na maambukizi makali. Parasetamoli hushusha joto tu, CRP haiigusi.

Kisha kuna magonjwa ambayo njia yenyewe haiwashwi sana. Virusi vingi hupandisha CRP kidogo, na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, inaweza kuwa moto mkali huku CRP ikiwa chini na ESR ikiwa juu.

Jambo la dawa kwa jumla: vimeng'enya vya ini vinavyosafisha dawa, vile vya familia ya CYP, navyo hupunguzwa wakati wa mchochota. Aminofilini kwa mgonjwa wa pumu mwenye homa kali inaweza kujikusanya mwilini kuliko ulivyozoea. Mwangalie mapigo ya moyo.

Hatua ya 7: Rudia kipimo, na ujue cha kutarajia

CRP moja ni nusu ya habari. Rudia baada ya saa 24 hadi 48 za matibabu.

Hesabu ni rahisi. Mgonjwa ameingia na 160. Hata kama ini lingeacha kutengeneza CRP ghafla saa ileile, kwa nusu ya kila saa 19 kesho yake muda huohuo angekuwa na 67 hivi. Kwa kweli ini haliachi ghafla, kwa hiyo 110 kesho ni dalili nzuri, si sababu ya kubadilisha antibayotiki. Ikibaki 160 au kupanda siku ya tatu, tafuta usaha uliofichika, dawa isiyofaa, au ugonjwa ambao hukuufikiria.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana jeraha, na jeraha lenyewe linatosha kuamsha STAT3. CRP yake hufika juu siku ya pili au ya tatu hata kidonda kikiwa safi, halafu hushuka. Kinachotakiwa kukuamsha ni ile inayopanda tena baada ya kuanza kushuka.

Na CRP haitaji jina la mvamizi. Malaria ya falsiparumu huipandisha vibaya sawa na nimonia ya bakteria. Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike kwanza, na hata kikiwa chanya, mtoto anayehema kwa shida na kubonyea mbavu atibiwe pia kama mwenye nimonia.

Hatua ya 8: Kama sampuli inavuka maji

Vituo vya Ukerewe na visiwa vingine hutuma baadhi ya sampuli mjini kwa kivuko. Acha damu igande kabisa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, izungushe kwenye mashine, kisha hamishia seramu kwenye chupa nyingine kabla ya safari. Damu ikisafiri bila kutenganishwa, chembe hupasuka njiani, na haptoglobini na potasiamu hazitasomeka tena. CRP, albumini na feritini ni imara zikiwa baridi, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo boksi lenye barafu linatosha. Seramu isigusane na barafu moja kwa moja. Interlukini-6 usiitume kwa njia hii.

Kwenye fomu andika mambo matano: saa homa ilipoanza, saa damu ilipotolewa, majibu ya malaria, dawa alizotumia pamoja na za steroidi, na kama ana selimundu, kichocho au ugonjwa wa ini unaojulikana. Anayeipokea fomu hiyo upande wa pili atajua ni saa ngapi ini lilikuwa limeanza kujibu, na kama lilikuwa na nguvu za kujibu.